Tambi za Bi Mkaguzi

Mtu mzima wa umri wangu hatakiwi kucheka kwenye hitma, najua. Lakini jana, ukumbini kwa marehemu shoga yangu Mwanakombo, hapa Wawi, wanawake walipokwisha kusoma na dua ikaitikiwa, wasichana wa jikoni walipita na sahani, na iliyowekwa mbele yangu ilikuwa ya tambi. Tambi za sukari, zimekaangwa kwa samli zikaivishwa kwa tui, zina iliki na zabibu, kama zinavyopikwa Pemba hii tangu mie sijazaliwa. Nikazitazama. Nikamsikia Mwanakombo kama yu ubavuni kwangu, "Haya, Bi Mwalimu, kula, leo sikutia mie." Basi kicheko kikanitoka, puu, mbele za watu! Nikajifunika uso kwa mtandio ili wadhani nalia, na machozi yakaja kweli, ila hata mwenyewe sijui yalikuja kwa lipi. Saada, binti yake, ananijua. Akanisogelea akaninong'oneza, "Bi Riziki, watu wakishaondoka n'na neno lako. Mama kaniachia nikupe." Nikamwambia nipe sasa hivi, miaka yangu si ya kungojea maneno. Akakataa, kichwa kigumu kama mama yake. Nikakaa na sahani yangu, nikaurudia mwaka ule.

Ulikuwa mwaka wa karafuu nyingi, mwisho mwisho wa miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimemaliza skuli, na Bi Mkaguzi alikuwa amenichagua kwenda Unguja kusomea ualimu. Jina lake silitaji. Alikuwa Mwingereza, mwanamke mrefu, mwekundu wa shingo, aliyekuja skuli zetu kutazama tunavyofundishwa, na sote tulimwita Bi Mkaguzi, mbele yake na nyuma yake. Nilitaka kwenda, jamani! Hata mume sikumtaka hivyo nilipofika wakati wa kumtaka, Mungu amrehemu. Usiku na mchana nilijiona nimeshika chaki. Baba alipoulizwa alijibu neno moja tu, "Kamuulizeni mama," kisha akarudi shambani. Mama yake ndiye bibi yangu, Bi Mize, ambaye nyumbani kwetu kuku alikuwa hatagi bila ya idhini yake. Na Bibi alikuwa hataki. Alisema wazi, hakunificha. Ameketi juu ya kibao cha mbuzi anakuna nazi, wala hakuinua macho.

"Unguja mbali," akasema. "Na huyo Nzungu simjui."

"Bibi, ni mkaguzi wa serikali!"

"Serikali naijua. Yeye simjui. Mie siwezi kuntoa ntoto kwa ntu nsiekula nae. Mwite aje ale. Nkimuona alavyo, ntajua atakulea vipi."

Nikaruka kwa furaha. Nikasema tutampikia pilau, biriani, pweza, kila kitu. Bibi akasimamisha mkono kwenye mbuzi. "La hasha. Mpikieni kyakula cha kwao. Ntu akila cha wenyeji hujitia adabu, hata kikimkaba atasema kitamu. Akila cha kwao ndipo aonekanapo. Nawe ndo utapika, maana wewe ndo mwenye shida. Kikiharibika, hwendi." Mpaka leo nimeishi na watu wengi wenye vyeti, na sijapata kusikia hoja iliyonifunga kama ile.

Sasa, chakula cha Kizungu tutakijulia wapi? Mwanakombo, jirani yangu, nyumba mbili kutoka kwetu, hirimu yangu na mwenzangu wa kila shari, akasema, "Si yuko Mjomba Haji?" Mjomba Haji alikuwa ndugu yake mama yangu, na mwaka mmoja aliwahi kufanya kazi nyumbani kwa Mzungu mmoja huko Wete. Kwa mwaka ule mmoja aliyapata maringo ya maisha mazima. Chai alikuwa hanywi mpaka sahani iwe chini ya kikombe. Tulipomwendea akavuta pumzi, akafumba macho, akatupa siri kama anayetoa kitabu cha uganga. Chakula chao kikubwa, alisema, ni steki. Nyama ya ng'ombe, pande zima bapa, haikatwikatwi, inakaangwa kwa siagi. Juu yake humwagiwa mchuzi mweupe mzito wa malai, una vidoadoa vya pilipili manga. Pembeni huwekwa tambi. Nikaandika yote kwenye daftari la skuli, kwa kalamu ya wino. Nikamuuliza nyama inakaa motoni muda gani, akasema muda wake. Nikamuuliza malai kiasi gani, akasema kiasi chake. Ilitupasa tushtuke hapo. Miaka mingi baadaye ndipo alipokiri, kajiinamia, kwamba kule Wete hakuwa mpishi. Alikuwa muosha vyombo. Vyakula vya Kizungu alivijua kwa kuanzia mwisho, kwa vile vilivyobaki kwenye sahani.

Siku tatu kabla ya ugeni nilianza kukusanya malai. Tulikuwa na ng'ombe mmoja, na kila nilipochemsha maziwa niliengua utando wa juu nikautia kwenye bakuli, nikalifunika kawa nikaliweka penye ubaridi chini ya mtungi. Siku ya tatu asubuhi nikalifunua bakuli, jeupe, limefutwa safi! Nikapiga ukelele. Bibi akatoka chumbani anajifuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Nimekula kwa nkate wa kumimina," akasema. "Nlidhani mmeniwekea mie. Kitamu, lakini kimeanza kuchachuka kidogo." Nilitaka kulia. Mwanakombo akanivuta pembeni. "Malai ni nini? Si weupe na uzito? Basi kuna nazi." Akakuna nazi nne, akalikamua tui la kwanza bila ya maji, likatoka zito hata mwiko ukasimama. Mjomba Haji, aliyekuwa amejiweka barazani tangu asubuhi kama jemadari, aliletewa kidogo kwenye kijiko alionje. Akaonja, akasema, "Ndilo lenyewe." Hakuwa na haya hata kidogo.

Jiko letu lilikuwa kibanda cha makuti uani, mafiga matatu na moshi wa kutosha kijiji. Kutoka pale mpaka ukumbini ni hatua chache, na mlango wa nyuma wa ukumbi ulikuwa na pazia tu, kwa hiyo kilichosemwa ndani kilisikika jikoni, na matusi ya jikoni yalisikika ndani. Bibi alikuja kukagua nyama. Mjomba alikuwa ametuonya kwa sauti, kutoka barazani, kwamba steki ikikatwa lazima itoke wekundu, yeye kaona kwa macho yake, sahani zote zilikuwa na wekundu. Bibi akasimama kama aliyechapwa kofi. "Wekundu wa nini?" akauliza. "Damu? Damu haramu! Haiingii nyumbani mwangu, hata huyo mgeni aje na mfalme wake!" Akaamuru nyama ichemshwe kwanza, na tangawizi, na kitunguu thomu, na kipande cha papai bichi iwe laini. Ikachemka toka saa nne mpaka adhuhuri. Kisha ndipo ikakaangwa kwa samli, na kwa vile ilikwisha kuiva, kukaangwa kulikuwa kuikausha tu. Mapande yakawa meusi, yamekunjamana pembeni, mepesi mkononi. Mwanakombo akalibisha moja kwa ukucha, ko ko ko. "Hodi," akasema, tukacheka mpaka tukakaa chini.

Nikaja kwenye mchuzi. Nikakaanga vitunguu, nikatia tui, nikatia pilipili manga. Vidoadoa havikuonekana vya kutosha, nikaongeza. Mjomba akaita barazani, "Pilipili imo? Msione uchoyo!" Nikaongeza tena. Mwanakombo naye, kwa akili ya kwetu, akasema mgeni akiwekewa mchuzi usio na pilipili mbichi atasema tumemfanya mgonjwa, akatwanga pilipili tano akazitia. Nilipoonja nilikohoa, nikafurahi, nikasema sasa ni chakula. Tambi nilizichemsha kwa chumvi peke yake, kama lilivyosema daftari. Hili lilinitia shaka, nakiri. Tambi za chumvi! Hatujawahi kuona wala kusikia. Tambi kwetu ni za sukari, ni za futari na sikukuu, na mtu kukuletea tambi zisizo sukari ni sawa na kukuletea chai ya maji ya bahari. Lakini Mjomba alisema zile za Wete alizionja kwenye sahani, hazikuwa na sukari hata chembe. Hapo, katika kazi yake yote, ndipo aliposema kweli.

Baada ya sala ya laasiri tukasikia gari. Nikamwambia Mwanakombo, "Kaa na vyungu, usigeuke," nikakimbilia barabarani kumlaki mgeni. Bi Mkaguzi alikuwa kavaa gauni la maua na viatu vya kufunga kamba, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu, kila neno limepigwa pasi. "Hodi, wenye nyumba. Nimefurahi mno kualikwa." Bibi, ambaye niliporudi nilimkuta ameshajikalisha mkekani na kanga mpya, akamjibu, "Karibu, mwanangu. Karibu mkekani. Kiti hatuna, ila ukiketi chini huanguki." Mjomba Haji alitaka kuingia kutafsiri, Bibi akamkatalia: hapa wamo wanawake, kaa huko huko. Akabaki dirishani kwa nje, kofia yake tu inaonekana.

Nikarudi jikoni kupakua. Nikachota tambi kidogo, nikaonja, nikaduwaa. Sukari! Sukari tele, na iliki juu yake. Nikamgeukia Mwanakombo. "Nani katia sukari humu?"

Akanitazama. Akatazama chini. "Mie," akasema.

"Wewe una wazimu? Si nilikwambia ni za chumvi?"

"Nimesahau," akasema. "Mkono umezoea."

Nilitaka kumrukia, wallahi. Miezi yangu yote, ndoto zangu zote, chaki zangu zote, zimezama kwenye chungu cha sukari kwa mkono uliozoea! Lakini ukumbini Bibi alishaita, "Nyie, mgeni ana njaa," na tambi nyingine hazikuwepo. Nikapakua. Nikaweka pande la steki katikati ya sinia, nikalimwagia mchuzi, nikazungushia tambi, nikaingia nalo huku nasoma kila sura niijuayo. Mwanakombo akanifuata na birika la kunawia. Uma tulikuwa nao mmoja, wa Mjomba, aliokuja nao kutoka Wete kwa njia anayoijua yeye, na kisu kilikuwa cha kupasulia samaki.

Bi Mkaguzi akachoma uma kwenye nyama. Uma ukarudi. Akashika kile kisu kwa mikono miwili akawa anakereza, na sinia likawa linazunguka mkekani, yeye analifuata kwa magoti. Kofia ya Mjomba dirishani ikasema, "Kama kule kule Wete!" Hatimaye akaweka uma na kisu chini, akanyoosha mkono Mwanakombo ammiminie maji, akanawa, akalikamata pande kwa vidole akalirarua. Nilimwona Bibi anatikisa kichwa, kidogo tu. Kisha Bi Mkaguzi akatia tonge kinywani. Alitafuna. Shingo ilianza kuwa nyekundu, wekundu ukapanda mashavuni, ukafika masikioni. Macho yakajaa maji, yakabubujika. Akanyoosha mkono kwa haraka kwenye kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa tambi. Akazitia fungu zima. Akatulia. Nikaona anafumba macho, mabega yanashuka, kama mtu aliyetiwa maji kwenye jeraha. Akafumbua, akatazama nyama, akatazama tambi, na nadhani pale alifanya hesabu yake. Nyama tonge moja, machozi. Tambi matonge mawili, nafuu. Nyama, tambi. Nyama, tambi. Akaenda hivyo hivyo, pua inamchuruzika, mpaka sinia likaonyesha maua yake ya chini. Bibi mwenyewe alikula matonge matatu ya nyama akaacha.

"Umeshiba, mwanangu?" Bibi akamuuliza.

"Nimeshiba sana, Bibi," akasema, na sauti ilikuwa imekatika. "Lakini kama zimebaki, ninaomba tena kidogo zile tambi." Kisha akageuka kwetu, anajifuta macho kwa kitambaa. "Nani aliyetia sukari?"

Nikaona roho yangu inaaga. Mwanakombo, birika mkononi, akasema, "Mie, Bi Mkaguzi." Bi Mkaguzi akamshika mkono akamwambia, "Ahsante. Umeniokoa." Bibi alikuwa anatazama ndani ya kopo lake la maji, kama kuna kitu kimeangukia humo.

Gari lilipoondoka nikapiga magoti mbele ya Bibi. Akanikalisha kitako mpaka akamaliza kutafuna tambuu yake. "Nyama ile haikuwa kyakula," akasema. "Ile adhabu. Ntu alokula ile mpaka akamaliza, akalia bila ya kulalamika, akashukuru, huyo hatokunyanyasa. Na kyakula kile cha kwao, kwa hivyo hakuwa na sababu ya kujitia adabu. Nenda." Mjomba Haji akapiga takbira dirishani. Nikamkumbatia Bibi, naye akanisukuma ili asilie. Nilipokuwa nainuka akaongeza, kwa sauti ya chini, "Tambi zenyewe zilikuwa nzuri." Mwanakombo alikuwa anakusanya vyombo, akainama zaidi.

Nilikwenda Unguja. Nikawa mwalimu huko huko, nikafundisha mpaka macho yakachoka, na katika madarasa yangu yote hakuna lililomaliza mwaka bila ya kusikia kisa cha shoga yangu aliyetia sukari kwenye steki ya Mzungu. Mwanakombo alibaki Wawi, akaolewa, akazaa, na kila nilipokuja likizo nilimwita Bi Sukari uani kwake, mbele ya mumewe na wakwe zake. Nikimwandikia barua naanza, "Kwa Bi Sukari, salamu." Siku ya harusi ya Saada nilishika kipaza sauti nikaisimulia tena, nikaigiza na mkono uliozoea, watu wakagaragara. Yeye alikuwa akicheka kuliko wote. Mara nyingine alisema, "Wee Riziki, bila ya sukari yangu ungekuwa unachuma karafuu mpaka leo," nami nilijibu kwamba nimefika nilipofika kwa rehema ya Mungu, si kwa usahaulifu wake. Miaka zaidi ya sitini nimemtania kwa jambo hilo hilo. Sijui kama kuna mtu mwingine duniani aliyenivumilia hivyo.

Basi jana watu walipoondoka, Saada alikuja akaketi mkekani mbele yangu. Sahani yangu ilikuwa bado imejaa.

"Mama kasema nikwambie akishakufa, si kabla," akaanza. "Siku ile ulipokwenda barabarani kumpokea Mzungu, bibi yako aliingia jikoni. Akaonja tambi. Mama anasema alishika kifua. Akasema, 'Masikini ntoto wangu, kwa haraka kasahau sukari. Ataaibika mbele ya mgeni wake.' Akaenda chumbani mwake, akaleta sukari yake na iliki, akatia kwa mkono wake, akakoroga. Kisha akamwambia Mama, 'Usinwambie. Asije akavunjika moyo wakati huu.'"

Bibi aliyekuwa hataki niende. Aliyeapa kwamba kikiharibika siendi, ambaye kazi yake ilikuwa kutoka tu jikoni na kuacha mambo yajiharibikie, na mimi ningebaki naye.

"Sasa mbona mama yako hakunambia?" nikamuuliza Saada, na nilisikia sauti yangu inapanda kama ya mtoto. "Bibi kafa zamani. Mbona kaniacha namwita Bi Sukari mbele ya watu miaka yote hiyo?"

"Nilimuuliza," Saada akasema. "Akasema, 'Nikimwambia atalia, na akilia hatonitania tena. Na yeye haji Pemba ila kunitania mie.'"

Nikaivuta sahani. Zilikuwa zimepoa, na Saada, kama mama yake, mkono wake wa sukari hauna kiasi. Nilikula zote.